Mombasa Wakati wa Kusi

Simu ya bibi huja Ijumaa, baada ya sala. Sisi huku Misikhu, kwenye barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, huwa ndio kwanza tumerudi kutoka msikitini na viatu vimeshika tope, maana mwezi wa Julai ni nadra alasiri kupita bila mvua. Kwa kawaida bibi huanza kwa kuuliza mahindi yamefika wapi, ng'ombe amezaa au bado, na nani katika watoto ana kikohozi. Ijumaa hiyo hakuuliza lolote. Alisema: "Kila Disemba mwaja, na kila Disemba siwaoni. Ndooni kusi hii." Kisha akatuaga.

Tulitazamana. Katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi za jamaa wa pwani waliotawanyika bara, safari ya Mombasa ni safari ya Desemba. Shule zimefungwa, ofisi zimefungwa, kila mtu anakwenda, nasi twaenda. Kusi ni wakati ambao watu wa pwani wenyewe huulalamikia: bahari imechafuka, samaki ni ghali, biashara imelala. Nani aende huko, na kwa sababu gani? Tulikwenda, mwezi wa Agosti mwaka 2025, watu sita, na tumeona inafaa tuwaandikie wenzetu tuliyoyakuta, hasa akina mama, ambao ndio hupanga safari za nyumbani na ndio huhesabu nauli.

Kwa mtu wa Misikhu hesabu ya kwanza ni ya shamba. Mahindi hupandwa Machi na Aprili, mvua zikianza. Kufikia Agosti yamekwisha kupaliliwa na kutiwa mbolea, yametoa mbelewele, na maharagwe yaliyopandwa katikati yake yamevunwa zamani. Shamba halimhitaji mtu ila mlinzi wa kufukuza nyani na wezi wa mahindi mabichi. Novemba na Desemba ndiyo miezi ya kuvunja, kuanika, kupukuchua na kutafuta mnunuzi, na miaka yote tuliyokwenda pwani Desemba tuliyaacha mahindi uani chini ya turubai. Mwaka mmoja mvua isiyotarajiwa iliingia chini ya turubai hilo, na tuliporudi tulikuta magunia manne yameota ukungu. Likizo ile ilitugharimu zaidi ya nauli. (Agosti ina jambo lake pia: katika miaka inayogawanyika kwa mbili huwa ni msimu wa tohara ya majirani zetu Wabukusu, na njuga hulia usiku kucha. Mwaka wetu haukuwa wa tohara. Ukipanga safari katika mwaka wa tohara, waage majirani mapema wasije wakadhani umewakimbia.)

Kuhusu safari yenyewe hatutasema mengi. Kutoka Misikhu hadi Mombasa ni karibu kilomita 900, na hakuna msimu uwezao kuzipunguza. Tulilala ndani ya basi hadi Nairobi, kisha tukapanda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,500 kwa mtu mzima, bei iliyowekwa Januari 2024, na watoto wadogo hulipa nusu. Tofauti ni kwamba Desemba tiketi hizo huwa zimekwisha kabla hujafikiri, ukabaki na mabasi ambayo nauli zake hupanda kila siku kuelekea mwisho wa mwaka. Safari hii tulizikata siku chache kabla, na tukapata viti sita vya karibu karibu. Tulikuwa na mifuko miwili ya maharagwe mapya na kuku wawili wa kienyeji waliokwisha kuchinjwa na kukaangwa. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba kisiwa hakikuwa na nafaka yake, ililetwa kutoka kwingine, na watu walikula ndizi na samaki. Miaka karibu 700 imepita na bado twabeba nafaka.

Kwa ajili ya wasomaji wetu wa bara, tueleze kidogo. Pwani haina majira ya baridi kama ya Ulaya, bali ina pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Novemba hadi Machi. Ndio upepo ulioleta majahazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, na ndio msimu wa joto na wa watalii. Kusi huanza Aprili na huendelea hadi Septemba. Katika mwanzo wake huja masika, na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kuliko yote. Juni na Julai bahari huwa kali hata manahodha wa zamani wakasema imefungwa. Halafu hutulia pole pole. Ni upepo huu wa kusi, ulipokuwa ndio kwanza unaanza, uliomchukua Vasco da Gama kutoka Malindi mwezi wa Aprili 1498 hadi India, baada ya wenyeji wa Malindi kumpa rubani aijuaye njia. Kwa hivyo msimu tunaouita mbaya ulikuwa, kwa wazee wetu wa baharini, msimu wa kurudi nyumbani.

Jambo la kwanza tulilolihisi ni hewa. Desemba, Januari na Februari joto la mchana la Mombasa hupita nyuzi 31, na mwenye kuvaa buibui jeusi akitembea kutoka Marikiti hadi Kibokoni saa nane mchana anajua tunasema nini. Julai na Agosti mchana huwa nyuzi 27 au 28, na usiku hushuka hadi 22 hivi, na upepo hauishi. Tulitembea Mji wa Kale asubuhi nzima, tukiwa na mtoto wa miaka minne, bila kutafuta kivuli. Bibi alikuwa amejifunika shali mbili akituuliza kama hatusikii baridi. Watoto wetu, waliozaliwa mahali ambapo usiku wa Julai hushuka hadi karibu nyuzi 13, walikaa barazani na fulana wakimcheka kwa siri.

Jambo la pili ni adhana. Agosti jua la Mombasa hutua kabla ya la Misikhu kwa dakika kama 25. Siku ya kwanza Magharibi ilitukuta hatujatawadha, na bibi akasema bara kumetufanya wavivu.

Lakini jambo tulilokusudia kuliandika ni nyumba.

Nyumba ya babu iko Mji wa Kale, ya mawe, ghorofa moja, yenye dari ya boriti na paa la mabati juu yake. Tumeilala kila Desemba tangu tulipokuwa wadogo. Usiku wa tatu wa safari hii, baada ya Isha, mvua ya kusi ilipiga ghafla kama ipigavyo, robo saa kwa nguvu kisha kimya. Tukasikia maji yakidondoka ndani. Tulipokwenda chumbani kwa bibi tulimkuta ameketi upande mmoja wa kitanda, na upande wa pili ameweka beseni. Hakuwa na mshangao wowote. Beseni lilikuwa na mahali pake, na sakafu chini yake ilikuwa na duara jeupe la maji ya miaka. Alikuwa akilala na beseni hilo kila masika na kila kusi, naye hakutuambia. Na sisi, tuliokuja kila Desemba kukiwa kukavu, hatukujua kuwa nyumba inavuja.

Asubuhi tulimwuliza ami, anayekaa orofa ya chini na jamaa zake. Akasema alimwambia baba zamani. Baba akasema alipeleka pesa zamani. Tukaona kwamba hapa kuna neno. Nyumba hiyo ni ya urithi. Babu alifariki miaka kumi na tisa iliyopita, akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili, na haikupata kugawanywa. Kila mmoja aliogopa kwamba mwenye kutengeneza paa ataonekana amejifanya mwenye nyumba, na asiyetengeneza ataonekana amemtupa mama yake. Wasiwasi huo ulikuwa umekaa kimya baina ya ndugu wawili muda wote huo, na Desemba haikuwapa nafasi ya kuutaja. Desemba nyumba ile huwa na watu ishirini na zaidi, magodoro hadi kwenye ngazi, wageni wa Nairobi, wageni wa Dubai, bibi yuko jikoni tangu Alfajiri akisimamia mahamri, na kila mmoja ana shughuli ya kwenda pahali. Nani ataanzisha maneno ya mirathi mbele ya wageni? Kumbe alichosema bibi kwenye simu kilikuwa kweli tupu: tulikuwa twaja, na hakuwa akituona.

Safari hii hapakuwa na mgeni. Mvua ilitufungia ndani jioni tatu mfululizo. Jioni ya kwanza walizungumza juu ya mpira. Jioni ya pili shangazi zetu wawili waliitwa, mmoja kutoka Likoni na mwingine kutoka Majengo, na alikuwepo mwalimu wa madrasa jirani, mzee ajuaye hesabu ya faraidhi, ambaye alialikwa kwa kahawa tu, au ndivyo alivyoambiwa. Alichukua daftari la mtoto la hesabu akaandika. Mke, kwa kuwa kuna watoto, hupata thumni. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Ili isije ikawa na vipande, nyumba ihesabiwe mafungu 48: bibi 6, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Akageuza daftari ili wote waone.

Shangazi mkubwa aliangalia ile saba kwa muda mrefu. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ni mara ya kwanza kuiona imeandikwa. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwuliza habari ya paa, wala ya kodi ya chumba cha mbele kinachokodishwa fundi cherehani, kwa kuwa yeye "ameolewa." Hakulia wala hakugomba. Baba na ami ndio walioshindwa kuinua macho. Wasomaji wetu wanawake hawahitaji tuwaeleze zaidi. Nyumba za namna hiyo zimejaa kutoka Vanga hadi Kiunga, na haki ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja kwa hesabu hukaa bila kudaiwa kwa sababu ya haya.

Tusidanganye kwamba yote yalikwisha kwa kukumbatiana. Yapo yaliyobaki. Ami haamini bado kwamba zile pesa za paa zilitumwa, na baba haamini kwamba hazikufika. Lakini jioni ya tatu walikubaliana mambo mawili. La kwanza, paa litengenezwe kwanza, kila mtu kwa kadiri ya mafungu yake, bibi asitoe kitu. La pili, suala la mirathi lipelekwe Mahakama ya Kadhi. Kwa asiyejua, Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 170, imezipa mahakama hizo uwezo wa kuamua mambo ya ndoa, talaka na urithi pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Si lazima watu wawe wamegombana. Hata ndugu wanaoelewana hufanya vyema kuwa na waraka, maana waliokubaliana leo watakufa, na watoto wao hawakuwepo barazani.

Sasa turudi mjini, maana msomaji atauliza kama tulisafiri kilomita 900 kwenda kutazama beseni.

Mombasa ya kusi ina nafasi. Mtaa wa Biashara, ambapo Desemba huwezi kusimama mbele ya duka bila kusukumwa, tulikuta wauza kanga wameketi mlangoni. Mmoja alitufungulia doti moja baada ya nyingine, akatusomea majina, akatueleza ipi ni ya zamani iliyorudishwa na ipi ni mpya, akatuitishia chai. Tulinunua tatu, na hatukuona kwamba ametufungulia thelathini kwa hasara. Alitwambia kwamba siku hiyo tulikuwa wanunuzi wa pili, na ilikuwa saa kumi. Marikiti tulipewa iliki tuonje, tukafundishwa kutofautisha mdalasini wa kweli na magome mengine. Huko Mama Ngina, chini ya mibuyu ile mikubwa inayokabili mlango wa bandari, muuza mihogo alitukaangia sufuria yetu peke yetu, akaitia pilipili na ndimu, akakaa nasi kutazama meli ikiingia, akiwaeleza watoto jinsi rubani anavyopanda meli kubwa kutoka kwenye chombo kidogo. Desemba hana muda huo, na hatumlaumu.

Kwa watu hawa miezi hii ni ya dhiki, na hilo yafaa lisemwe wazi. Hoteli za ufukweni hupunguza wafanyakazi au huwapa likizo isiyo na malipo. Mashua hupandishwa nchi kavu kutengenezwa. Wavuvi wa mitumbwi na madau hawawezi kutoka nje ya mwamba, na hao akina mama karanga, wanaonunua samaki pwani na kuwakaanga jioni kando ya njia, hurudi na karai nusu. Tulimkuta mmoja akiuza viazi karai badala ya samaki kwa kuwa asubuhi hapakuwa na cha kununua. Shilingi yako ya Agosti haimkuti mtu aliyeshiba. Wahenga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, yawezekana walikuwa na msimu fulani akilini.

Na bahari? Hapa akina mama watusikilize. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ule wauitao Pirates, siku za Idi na za Desemba hujaa ngamia, wapiga picha, maboya ya kukodi na vijana wasiojua pa kuweka macho. Tumekwenda miaka mingi na miaka yote wanawake wetu wameketi mchangani wakilinda viatu. Safari hii tulikwenda asubuhi ya Jumanne, maji yakiwa yamekupwa, tukatembea kuelekea kaskazini mpaka mahali ambapo hapakuwa na mtu ila mzee mmoja akiokota kamba za nyavu. Mama yetu, mwenye miaka 52, aliingia baharini na nguo zake zote za stara kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Maji yalikuwa ya magotini, yamejaa mwani, na hayakuwa ya buluu kama ya kwenye kalenda. Alikaa humo saa nzima. Alipotoka alisema tu kwamba yana chumvi zaidi ya alivyodhani.

Mwani huo tusiufiche: kusi huutupa ufukweni kwa marundo, na unanuka. Maji yakijaa mawimbi huwa makali, na hapana mtoto anayepaswa kuachwa peke yake hata kidogo. Anayetaka kuzamia na kuona samaki wa rangi ndani ya matumbawe angoje kaskazi. Anayetaka kusafiri kwa mashua ndefu angoje vile vile, hasa akiwa na wazee. Na asiyependa mvua asije Mei. Bei za malazi huwa chini kabisa Mei na Juni. Agosti hupanda kidogo kwa sababu ya Wazungu wenye likizo zao, lakini hazifikii za Desemba. Sisi tulikuwa na nyumba ya jamaa, kwa hivyo hatuna ushuhuda wa hoteli. Mwenye kukodi chumba aulize moja kwa moja kama kuna bei ya msimu, kwa maana asiyeuliza hutajiwa ile ya kaskazi.

Mahali pamoja tungemsihi kila mtu afike, kusi au kaskazi, lakini kusi ni pazuri zaidi kwa utulivu wake. Ni Jumba la Mtwana, magofu yaliyo karibu na mdomo wa mkondo wa Mtwapa, si mbali na Mombasa kwa matatu. Mji huo ulikaliwa katika karne ya 14, na watu wake waliuhama mapema katika karne iliyofuata. Kwa sababu gani, wanazuoni wana maoni mbalimbali, ya maji, ya vita na ya biashara iliyohama. Kuna nyumba za mawe, visima, na misikiti. Mmoja uko ukingoni kabisa mwa bahari, na upande wake kuna chumba ambacho huelezwa kuwa kilikuwa cha wanawake kusalia. Nje ya kibla kuna kaburi lenye aya ya Qur'ani juu ya mauti, imechongwa katika jiwe na bado yasomeka.

Tulikuwa peke yetu siku hiyo na mlezi wa mahali, ambaye hakuwa na wageni wengine wa kumharakisha. Binti yetu wa darasa la saba alisimama katika kile chumba cha wanawake kwa muda. Huku kwetu msikiti ni mdogo, na wanawake husali nyumbani kwa kuwa hakuna sehemu yao. Kila mwaka huambiwa kwamba pesa zikipatikana itajengwa. Aliuliza: watu wa miaka 600 iliyopita waliwezaje? Hatukuwa na jibu la kumpa pale, na tangu turudi amekwisha kuliuliza mbele ya kamati.

Mwenye siku zaidi aendelee hadi Gedi, mji mwingine wa mawe ndani ya msitu karibu na Watamu, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2024. Na kutoka Julai hadi Septemba nyangumi hupita nje ya Watamu, wakitoka bahari za baridi kali za kusini kuja kuzaa katika maji yetu yenye joto. Wapo wanaotoka kwa mashua kuwatazama. Sisi hatukuthubutu, lakini kujua tu kwamba wapo kuliwafanya watoto wakodolee bahari macho njia nzima.

Kalenda nayo ipo upande wetu kwa miaka kadhaa ijayo. Miezi yetu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na Mfunguo Sita sasa umeingia katika kusi. Mwaka 2026 tarehe 12 ya mwezi huo yatarajiwa karibu na 25 Agosti, na mwaka 2027 katikati ya Agosti, kwa kutegemea kuandama kwa mwezi. Wenye kuhudhuria Maulidi ya Lamu, yanayosomwa katika msikiti wa Riyadha uliojengwa na Habib Swaleh, watayakuta katika upepo wa baridi na si katika jua la Februari. Wenye rai nyingine juu ya jambo hilo nao wana jamaa Lamu wa kuwatembelea.

Siku ya kuondoka hapakuwa na ile ghasia ya Januari, watu wakigombea teksi na kusahau watoto. Bibi alitutengenezea mkate wa sinia na chupa mbili za achari ya maembe, akatupa na mabuyu ya kugawia majirani wa Misikhu, ambao wameyapenda kuliko tulivyotarajia. Alifuatana nasi hadi pembe ya uchochoro, jambo asiloliweza Desemba kwa wingi wa wanaoaga. Baba na ami walisimama kando wakizungumza juu ya bei ya mabati. Hawakukubaliana juu ya geji.

Desemba hii hatuendi. Mahindi yatavunwa tukiwepo, na nauli ya watu sita imekwisha kutumwa kwa fundi. Ijumaa iliyopita simu ilikuja baada ya sala kama kawaida. Bibi aliuliza kama mvua za huku zimepungua, akauliza juu ya kikohozi cha mdogo, akataka kujua kama yule ng'ombe amezaa. Kwao ilikuwa imenyesha usiku. Fundi amemaliza upande wa chumbani, bado upande wa ngazi, na beseni limerudi jikoni.